Vitamini A kutoka sahani ya kila siku: karoti ngapi, zipikwe vipi, na nini huvuruga hesabu

KipimoHalisi (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila swali la vitamini A likiulizwa jibu huwa "kula karoti", uzi unafungwa. Karoti ni jibu zuri, lakini halimwambii mtu ale ngapi, azipike vipi, wala kwa nini mwingine anakula mboga kila siku na bado akiba yake mwilini ni ndogo. Naweka hesabu mezani. Wa jikoni na wa kliniki mtaongezea.

Vitamini A tunaipata kwa njia mbili. Ya kwanza ni retinoli, yaani vitamini iliyokwisha kukamilika: maini, kiini cha yai, maziwa yasiyoenguliwa, siagi, samaki wenye mafuta. Ya pili ni karotini za mimea, hasa beta-karotini, ambazo mwili hauwezi kuzitumia kama vitamini A mpaka uzikate kwenye ukuta wa utumbo zigeuke retinoli. Kazi hiyo ina hasara kubwa, ndiyo maana kikatengenezwa kipimo cha RAE: mikrogramu 1 ya RAE ni sawa na mikrogramu 1 ya retinoli, au 12 za beta-karotini ya chakula, au 24 za alfa-karotini na beta-kriptozanthini.

Mahitaji ya siku kwa viwango vya Marekani vya 2001, ambavyo hunukuliwa sana, ni mikrogramu 900 za RAE kwa mwanamume, 700 kwa mwanamke, 770 kwa mjamzito na 1,300 kwa anayenyonyesha. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji 300, wa miaka 4 hadi 8 anahitaji 400, wa 9 hadi 13 anahitaji 600.

Sasa vyakula, mikrogramu za RAE kwa gramu 100 zinazoliwa, namba zikiwa za makadirio:

- ini la ng'ombe, bichi: 5,000
- ini la kuku, bichi: 3,300
- karoti zilizochemshwa: 850
- kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya chungwa, kilichochemshwa: 790
- siagi: 680
- spinachi iliyochemshwa: 520
- embe bivu: 54
- maziwa yasiyoenguliwa: 46
- papai bivu: 47
- nyanya: 42

Yai moja kubwa lina kama 75, zote kwenye kiini. Karoti moja ya wastani ni kama gramu 60, kwa hiyo 510. Mwanamke akila karoti moja iliyopikwa, yai moja na kikombe cha maziwa (112) amefika 697. Kwenye karatasi, siku imekwisha. Nasema kwenye karatasi kwa makusudi, maana kati ya sahani na damu kuna mengi.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia: vitamini hii huhifadhiwa kwenye ini, na mtu mzima mwenye akiba nzuri hukaa nayo miezi kadhaa. Kwa hiyo pigeni hesabu kwa wiki. Siku moja bila mboga haina madhara yoyote.

---

NdaniYaSeli

Mkuu umeanza vizuri, ila hiyo 12 kwa 1 isichukuliwe kama sheria ya maumbile. Ni wastani. Utafiti uliofanyika Indonesia na kuchapishwa 1998 ulipata kwamba kwa mboga za majani na karoti zilihitajika kama mikrogramu 26 za beta-karotini kupata 1 ya retinoli, wakati kwa matunda zilitosha 12. Halafu utafiti wa Bangladesh wa 2004 ukatoa picha nyingine: majani ya aina ya nderema yaliyopikwa, yakasagwa rojo na kuliwa pamoja na mafuta yalitoa kama 10 kwa 1, na viazi vitamu vilivyoandaliwa hivyo hivyo 13 kwa 1.

Tofauti hiyo ya 26 na 10 haina siri. Ndani ya jani, karotini imefungwa na protini za kloroplasti (vifuko vya kijani ndani ya seli), na kloroplasti zenyewe ziko nyuma ya kuta za seli ambazo utumbo wetu hauwezi kuzimeng'enya. Kwenye karoti karotini iko kama fuwele ndogo ngumu. Kwenye embe bivu nyama imekwisha kulainika na karotini imeyeyuka kwenye vitone vya mafuta. Kwa hiyo embe lina karotini chache, lakini zinatoka kirahisi. Jani lina nyingi, ila lazima ulivunje.

Namba ya jedwali inakwambia kilichomo kwenye chakula. Kitakachopita ukuta wa utumbo kinaamuliwa na kisu, moto na mafuta.

---

Mpishi_wa_Kazi

Hapo kwenye kisu, moto na mafuta naomba nichukue zamu, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza bila kujua.

Kisu kwanza. Karoti mbichi iliyotafunwa vipande vikubwa hutoa sehemu ndogo tu ya karotini zake, nyingine hupita moja kwa moja. Ikikwaruzwa kwenye tundu ndogo za kikwaruzo hali huwa bora. Ikipikwa ikalainika kisha ikapondwa, bora zaidi. Majani yakatwe membamba, upana wa milimita 3 hadi 5, yakatwe muda mfupi kabla ya kuingia sufuriani. Ukikata asubuhi ukapika jioni, vimeng'enya vya jani lenyewe vinaendelea kula karotini muda wote huo, na vitamini C ndiyo inatangulia kwisha.

Moto. Majani teketeke yanahitaji dakika 3 hadi 5 kwenye sufuria yenye kifuniko. Majani magumu yapewe 10 hadi 15, na yale ambayo kiasili hupikwa muda mrefu ili kutoa sumu, yapikwe muda wake wote, usikate muda kwa ajili ya vitamini. Kiazi kitamu chemsha na ganda lake, sufuria ifunikwe, mpaka kisu kipite katikati bila kusukuma. Kikichemshwa hivyo kinabaki na sehemu kubwa ya karotini zake, kama nne ya tano au zaidi. Kinachoua karotini ni hewa, mwanga na joto kali vikiwa pamoja kwa muda mrefu: kukausha juani, kukaanga mpaka kukauka, kupasha chakula kilekile mara nne.

Kuna hofu moja haina msingi: kumwaga maji ya kuchemshia. Karotini haziyeyuki kwenye maji, kwa hiyo zinazokwenda na maji hayo ni kidogo sana. Unachomwaga ni vitamini C na foleti. Hilo nalo ni baya, lakini ni kesi nyingine.

Mafuta. Gramu 3 hadi 5 kwa mlo zinatosha, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila mlaji. Si lazima yawe yamekaanga mboga. Karanga zilizosagwa, tui la nazi, parachichi, yai au samaki wa mafuta ndani ya mlo huohuo vinafanya kazi ileile, kwa sababu kinachotakiwa ni mafuta na karotini vikutane tumboni. Mboga ya kuchemsha kavu ikiliwa na wanga mtupu ndiyo ile tunayosema sahani imejaa na damu haioni kitu.

---

KijaniTu

Maswali mawili kwa wataalamu. Je, juisi ya karoti iliyochujwa ina faida gani ukilinganisha na karoti yenyewe? Na mtu asiyekula kitu chochote cha mnyama, anaweza kweli kufika 900 kwa mimea peke yake?

---

Mpishi_wa_Kazi

Juisi: mashine imekuvunjia kuta za seli, hiyo ni faida. Lakini sehemu ya karotini inabaki kwenye makapi, utaiona kwa rangi yake. Usichuje, au makapi uyapike kwenye supu. Na juisi inywewe pamoja na mlo. Ukiinywa peke yake asubuhi tumbo likiwa tupu, haina mafuta ya kuisindikiza.

---

HesabuKwanza

La pili nalijibu mimi. Anaweza, ila apange kwa namba ya tahadhari. Tuchukue 26 kwa 1 kwa karoti na majani, tuache 12 kwa 1 kwa kiazi kitamu.

Mwanamume, wiki moja, anahitaji 900 × 7 = 6,300.

Karoti moja iliyopikwa kila siku: 510 kwenye jedwali, ikishushwa kwa tahadhari inakuwa kama 235. Majani ya kijani kibichi yaliyopikwa, gramu 150 kila siku: 780 kwenye jedwali, 360 kwa tahadhari. Jumla 595 kwa siku, 4,165 kwa wiki. Pungufu ni 2,135. Kiazi kitamu cha rangi ya chungwa cha gramu 150 kina 1,185, kwa hiyo viwili kwa wiki ni 2,370. Jumla kuu 6,535. Amevuka, bila tone la maziwa.

Angalizo: gramu 150 za majani *yaliyopikwa* ni fungu kubwa likiwa bichi, maana majani husinyaa sana. Watu wengi wanaodhani wanakula gramu 150 wanakula 50. Pima mara moja kwa mizani uone, kisha tumia bakuli hilohilo kama kipimo chako.

Na kwa anayekula mayai na maziwa lakini hali maini, mwanamke, 4,900 kwa wiki: kiazi kitamu cha gramu 150 mara tatu (3,555), spinachi gramu 100 mara tatu (1,560), mayai manne (300), vikombe vitano vya maziwa (560). Jumla 5,975. Ukishusha spinachi kwa tahadhari inabaki 720, na jumla inakuwa 5,135. Bado yuko juu ya mstari.

---

Kijiko

Kwa hiyo kanuni ni chakula chenye rangi ya njano na chungwa kina vitamini A, sio? Mahindi ya njano, machungwa, ndizi mbivu, manjano ya unga...

---

NdaniYaSeli

Hapana ndugu, na hapa ndipo rangi inapodanganya watu. Zipo karotinoidi mamia, chache tu ndizo mwili unaweza kuzigeuza retinoli.

Mahindi ya kawaida ya njano yana rangi ya luteini na zeazanthini. Zinafaa kwa macho kwa njia yake, lakini hazigeuki vitamini A hata ukizila gunia. Gramu 100 za mahindi ya njano makavu zina kama 11 tu za RAE. Zipo aina zilizozalishwa makusudi kuwa na beta-karotini nyingi, nazo huwa na rangi ya chungwa iliyokolea, si njano tu. Chungwa nalo ni 11 kwa gramu 100. Wekundu wa nyanya na tikiti ni laikopeni, haigeuki. Ile 42 ya nyanya inatokana na beta-karotini kidogo iliyojificha humo. Wekundu wa kiazisukari si karotinoidi kabisa. Manjano ni kurkumini, sifuri. Ndizi mbivu za kawaida zina kiasi kidogo mno.

Kiazi kitamu chenye nyama nyeupe kina karibu sifuri, hata ganda lake likiwa jekundu au zambarau. Kikate ukione ndani. Maboga yanatofautiana sana: yenye nyama ya chungwa iliyokolea na kavu kidogo huwa na karotini nyingi, yenye nyama ya njano iliyopauka na majimaji huwa na chache.

Upande wa pili, kijani kibichi hakionekani kuwa na karotini kwa sababu klorofili inaifunika. Kadiri jani lilivyokoza ndivyo karotini zinavyokuwa nyingi. Kabichi nyeupe ina kama 5. Saladi yenye majani marefu ya kijani ina zaidi ya 400, ile ya kichwa cheupe kilichofumba haifiki 30. Majani ya nje ya kichwa chochote yanashinda ya ndani, na ndiyo watu wanayotupa.

Kiini cha yai nacho msikipime kwa rangi. Ukolevu wa njano unaonyesha kuku amekula karotinoidi gani, ambazo nyingi ni luteini. Retinoli yenyewe haionekani kwa macho. Kiini kilichopauka kinaweza kuwa nayo sawa na kilichokolea.

---

Kijiko

Asante, nimeelewa. Rangi ya chungwa *iliyokolea* na kijani *kilichokolea*, basi.

---

NdaniYaSeli

Na chungwa lenyewe halimo. Ndiyo.

---

HesabuKwanza

Kabla hatujaenda mbali, onyo kuhusu majedwali na lebo, kwa sababu humu kuna watu wanabandika namba za ajabu.

Jedwali la zamani linaweza kuandika kwamba karoti mbichi ina IU (kipimo cha kimataifa cha vitamini) 16,706 kwa gramu 100. Mtu anajua IU 1 ya retinoli ni mikrogramu 0.3, anazidisha, anapata 5,000 na kitu. Anatangaza karoti ni sawa na ini. Kosa ni kwamba IU ya beta-karotini ya chakula ni mikrogramu 0.05 za RAE. Gawanya kwa 20, si kwa 3 na kitu: 16,706 ÷ 20 = 835. Hiyo ndiyo karoti mbichi.

Kosa la pili ni majedwali yanayotumia RE, kipimo cha zamani, badala ya RAE. RE ilihesabu 6 kwa 1. Ukikutana nayo, namba za mimea zigawe kwa 2, za nyama na maziwa ziache zilivyo. Chakula chenye mchanganyiko, kwa mfano supu ya maboga na maziwa, hakigawanyiki kirahisi namna hiyo. Tafuta kila kiungo peke yake.

Kwenye kopo la vidonge, angalia imeandikwa imetokana na nini. "Retinili palmitati" au "retinili asetati" ni retinoli kamili na inahesabika kwenye kikomo cha juu. "Beta-karotini" haihesabiki humo, ina tahadhari zake nyingine.

---

Muuguzi_Zamu

Kikomo cha juu ndicho nilikuwa nakisubiri. Retinoli kwa mtu mzima isizidi mikrogramu 3,000 kwa siku kama mazoea, yaani IU 10,000. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 ni 600, wa 4 hadi 8 ni 900. Karotini za chakula hazina kikomo hicho, kwa sababu akiba ikijaa utumbo hupunguza kuzigeuza. Mtu akila karoti na maboga kupita kiasi, viganja na nyayo hugeuka njano; weupe wa macho ukibaki mweupe, hiyo ni karotini tu, akipunguza inaondoka. Weupe wa macho ukiwa njano, hiyo ni nyongo au ini, aende hospitali.

Maini. Gramu 85 za ini la ng'ombe lililokaangwa zina kama 6,580. Ukigawa kwa siku 7 ni 940, kwa hiyo mtu mzima akila kipande hicho mara moja kwa wiki amemaliza hesabu ya wiki nzima na hahitaji kidonge chochote. Akila kila siku, baada ya muda anaanza kuumwa kichwa, ngozi kukauka na kupasuka, nywele kukatika, mifupa kuuma, na ini lake mwenyewe kuumia. Kwa mnywaji pombe mambo huharibika mapema zaidi, kwa sababu pombe inapunguza akiba na papo hapo inaongeza ukali wa sumu ya retinoli.

Mjamzito: retinoli nyingi hasa wiki za mwanzo inaweza kuharibu uumbaji wa mtoto. Uingereza inawashauri wajawazito waache kabisa maini na vyakula vilivyotengenezwa kwa maini, pamoja na mafuta ya ini la samaki. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo kina kama 1,350. Apate vitamini yake kwenye viazi vitamu, karoti, majani, mayai na maziwa. Dawa za chunusi za kumeza za jamii ya retinoidi, kama isotretinoini, ni marufuku kabisa katika ujauzito, na mtu huziacha kabla ya kushika mimba kwa maelekezo ya daktari.

Wavutaji sigara nao wasinunue vidonge vya beta-karotini. Jaribio la Finland lililotoa matokeo 1994, kwa miligramu 20 kwa siku, liliona saratani ya mapafu ikiongezeka badala ya kupungua. La Marekani, miligramu 30 pamoja na retinoli, lilisimamishwa 1996 kwa sababu hiyohiyo. Karotini ya kwenye mboga haijaonyesha tatizo hilo.

---

KijaniTu

Na watoto wadogo? Hapo ndipo watu wengi wanababaika, kwa sababu tumbo ni dogo na mtoto hali gramu 150 za majani.

---

Muuguzi_Zamu

Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, na yale ya mwanzo kabisa ya rangi ya njano ndiyo yenye vitamini A nyingi kuliko yote, yasikamuliwe yakamwagwa. Ubora wa maziwa unategemea akiba ya mama, ndiyo maana anayenyonyesha anahitaji 1,300.

Kuanzia miezi 6: kiazi kitamu cha rangi ya chungwa kilichochemshwa na kupondwa, vijiko viwili vya chakula, kama gramu 30, kina 235 hivi. Ongeza nusu kijiko cha chai cha mafuta, lainisha kwa maziwa ya mama. Gramu 40 zinamtosheleza mtoto wa mwaka 1 hadi 3 kwa siku. Majani yapikwe, yasagwe au yakatwe laini kabisa, yachanganywe humo humo. Kijiko kimoja kwa kuanzia. Kiini cha yai kilichoiva vizuri.

Ini la kuku lililopikwa, gramu 25 tu, kama ukubwa wa vidole viwili vya mtu mzima, lina kama 1,000. Mara moja kwa wiki inatosha, ni wastani wa 140 kwa siku. Lipikwe mpaka lisibaki na wekundu ndani. Kosa la kawaida ni kusikia ini ni zuri na kumpa mtoto kila siku.

Matone ya dozi kubwa ni kitu tofauti. Kwenye maeneo yenye upungufu mwingi, Shirika la Afya Duniani linaelekeza IU 100,000 mara moja kati ya miezi 6 na 11, kisha IU 200,000 kila miezi 4 hadi 6 mpaka umri wa miaka 5. Dozi hiyo inaingia kwenye ini na kutumika taratibu. Mtoto anaweza kutapika au kuumwa kichwa siku moja au mbili, ikapita. Haitolewi nyumbani, wala hairudiwi kwa sababu kampeni nyingine imepita wiki ijayo. Kadi ndiyo inayoamua. Mtoto mwenye surua ana ratiba yake ya siku mbili mfululizo kwa kipimo cha umri, na hiyo inaanzia kituo cha afya.

---

Kijiko

Dalili je? Macho kuwasha na kukauka ni upungufu?

---

Muuguzi_Zamu

Mara nyingi si hiyo, macho hukauka kwa sababu nyingi. Dalili ya mapema inayoaminika ni kutoona jioni mwanga ukififia: mtoto aliyekuwa akicheza anakaa chini au anagonga vitu, wakati wenzake bado wanakimbia. Inatokea kwa sababu retinoli ndiyo sehemu ya rodopsini, rangi ya retina inayonasa mwanga hafifu. Baadaye weupe wa jicho hupoteza mng'ao na kutokea mabaka ya povu jeupe, kwa kawaida upande wa sikio. Kioo cha jicho kikianza kufifia au kulainika, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Usimpikie karoti ukasubiri.

---

NdaniYaSeli

Naongeza kuhusu kipimo cha damu, kwa sababu KipimoHalisi alikigusa mwanzoni aliposema akiba. Retinoli ya damu chini ya mikromoli 0.70 kwa lita inahesabiwa upungufu. Lakini ini hushikilia kiwango cha damu kikiwa sawa mpaka akiba iwe karibu kwisha, kwa hiyo jibu zuri halimaanishi ghala limejaa. Na kinyume chake: mtu akiwa na maambukizi, protini inayobeba retinoli hushuka na kipimo kinasoma chini hata kama ini limejaa. Mwenye homa asipimwe leo, au apimwe pamoja na kiashiria cha uvimbe mwilini.

Protini hiyo ya kubeba haitengenezwi bila protini na zinki za kutosha. Mtu mwenye utapiamlo anaweza kuwa na retinoli ndani ya ini isiyoweza kutoka. Kuhara kwa muda mrefu, minyoo mingi, magonjwa ya kongosho na nyongo, na dawa za kupunguza uzito zinazozuia kufyonzwa kwa mafuta, zote zinakata njia utumboni. Na wapo watu ambao kimeng'enya cha kukata karotini, BCO1, kwao ni dhaifu kwa kurithi. Hao chakula cha mimea peke yake huwapa kidogo kuliko jedwali linavyosema, na yai au maziwa kila siku ni bima nzuri.

---

KipimoHalisi

Uzi umenoga. Mpishi, tumalizie na hifadhi. Wapo wanaokausha majani na viazi ili vifike msimu mwingine, wanadhani kilichokauka kina vitamini A ileile kwa sababu bado kina rangi.

---

Mpishi_wa_Kazi

Majani: yatie kwenye maji yanayochemka dakika 1 hadi 3, yatoe, yachuje. Hapo umesimamisha vimeng'enya. Yaanike kivulini penye upepo, safu nyembamba, au kwenye kikaushio kilichofunikwa kitambaa cheusi. Jua la moja kwa moja linachoma karotini kwa mwanga wenyewe, hata kabla joto halijafanya kazi. Yamekauka pale jani linapovunjika likifinywa. Likipinda, bado lina maji na litaota ukungu.

Kiazi kitamu: vipande vya milimita 3 hadi 5, vikauke ndani ya siku moja ikiwezekana. Vipande vinene vinakauka nje na kuchacha ndani.

Lakini hasara kubwa kwa viazi haitokei kwenye kukausha, inatokea kwenye kuhifadhi. Vipande vikikaa kwenye joto la kawaida, oksijeni inaendelea kula karotini polepole, na baada ya miezi minne zaidi ya nusu inaweza kuwa imekwisha. Chombo kisichopitisha hewa, kijazwe mpaka juu, gizani, pakavu, mahali pa ubaridi. Visagwe unga vinapohitajika tu, kwa sababu unga una eneo kubwa la kuguswa na hewa. Ndani ya miezi miwili viwe vimeliwa. Vikianza kupauka, kuleni kama wanga, msivihesabu kama vitamini A.

Mafuta mekundu ya mawese, kwa wanaoyatumia: kilo moja ina miligramu 500 hadi 700 za karotini, na tayari zimeyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo hakuna chanzo cha mimea kirahisi kuliko hicho. Kijiko cha chai kiongezwe mwishoni chakula kikiwa kinaiva. Yakipashwa mpaka yafuke moshi na kugeuka meupe, mmebaki na mafuta tu. Mafuta yaliyoongezewa vitamini A, siku zote chupa isiyopitisha mwanga na mfuniko umekazwa. Yaliyokwisha kukaangia mara kadhaa msiyahesabu.

Maziwa: yakienguliwa mafuta, vitamini A inaondoka na malai, labda lebo iseme imerudishwa. Na chupa angavu ikikaa dirishani inapoteza retinoli hata kabla maziwa hayajachacha.

---

HesabuKwanza

Nimejumlisha upya ile wiki ya asiyekula kitu cha mnyama kwa kuondoa karoti na kuweka viazi vilivyokaushwa vya miezi minne mahali pa vibichi, nikivihesabu kwa nusu. Haifiki. Kwa hiyo msimu ambao vibichi havipo, mzigo mkubwa ubebwe na majani na yai, na kwa asiyekula yai ni majani zaidi pamoja na kijiko cha mawese mekundu, au chakula kilichoongezewa vitamini A chenye lebo inayosomeka.